VirtualBox mashine ikigoma kuwaka: uzoefu wangu

Naendesha Ubuntu Server (aina ya Linux) ndani ya laptopu ya Windows kwa kutumia VirtualBox, programu ya kuunda mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, na kwa jumla nimeridhika nayo. Ni ya bure, na nikiharibu kitu katika kujifunza narudi kwenye snapshoti (hali ya mashine niliyoihifadhi) ya jana yake. Sifa hizo utazisikia kwa kila mtu. Mimi nieleze inavyokuwa mashine pepe ikigoma kuwaka, maana hapo ndipo nilipoijua vizuri.

Mgomo wa kwanza ulikuja na laptopu ya mtumba. Nabofya Start, linatokea dirisha lenye maneno VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED. Hebu mtu aniambie mgeni ataelewa nini hapo. Kumbe jambo lenyewe jepesi: prosesa ya Intel ina uwezo wa kubeba mashine pepe, VT-x, ila umezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Tangu toleo la 6.1 la mwaka 2019, VirtualBox haiwashi mashine yoyote bila uwezo wa aina hiyo. Kabla ya kukimbilia BIOS fungua Task Manager, nenda Performance, kisha CPU, usome mstari wa Virtualization. Wangu ulisema Disabled. Nikaingia BIOS, nikawasha Intel Virtualization Technology, nikahifadhi, yakaisha. Wenye AMD watafute SVM Mode.

Mgomo wa pili unafanana na huo lakini dawa yake ni nyingine, na wengi huhangaika na BIOS bure. VT-x imewashwa, ila Hyper-V, mfumo wa Windows yenyewe wa kuendesha mashine pepe, imeshaikalia. Matoleo ya VirtualBox ya siku hizi hayagomi moja kwa moja. Hujaribu kupitia humo humo kwenye Hyper-V, na pembeni chini ya dirisha la mashine anatokea kobe wa kijani. Kobe huyo hakuwekwa kwa mapambo: Ubuntu yangu ilikuwa inawaka kwa kujivuta, siku nyingine haifiki kwenye login. Bofya jina la mashine kwa kitufe cha kulia, chagua Show Log, utafute NEM, ndilo jina la njia hiyo ya kupitia Hyper-V. Ukikuta mstari wa "Attempting fall back to NEM: VT-x is not available", umemshika mchawi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, kisha washa kompyuta upya. Anayetumia WSL 2 (Linux ndani ya Windows) afikiri kwanza, maana nayo inategemea Hyper-V hiyo hiyo. Kuirudisha, andika auto mahali pa off. Kobe akibaki, angalia Memory integrity kwenye Windows Security, ingawa hiyo ni kinga na mimi siizimi bila sababu nzito.

Ulionitoa jasho ni wa tatu. Betri yangu ilishachoka, kwa hiyo umeme ukikatika laptopu inazima papo hapo. Jioni moja umeme uliporudi, mashine yangu ikaonekana kwenye orodha imeandikwa Inaccessible. Nikafungua folda yake: faili la diski, .vdi, lipo na ukubwa wake uleule, lakini lile la .vbox lina KB 0. Hilo ndilo linalobeba maelezo ya mashine, kwa mfano RAM kiasi gani, diski ipi, mtandao upi. Bila hilo VirtualBox haijui iwashe nini. Pembeni yake kulikuwa na faili la .vbox-prev. Nikalifungua kwa Notepad, maelezo yote yamo, ni nakala ya kabla ya badiliko la mwisho. Nikafunga VirtualBox, nikaliondoa lile tupu, nikanakili la -prev na kulipa jina lake la kawaida, nikafungua tena. Mashine ikarudi. Ubuntu yenyewe iliishia kwenye initramfs, hatua ya mwanzo ya kuwaka, ikidai fsck (ukaguzi wa mfumo wa faili) kwa sababu ya kuzimwa ghafla, na hilo halikuchukua muda.

Naipa nyota nne. Ile ya tano naizuia kwa ajili ya .vbox-prev: programu inaliandika yenyewe faili hilo, inalihifadhi palepale, halafu siku ya shida inakuonyesha Inaccessible tu bila hata kuuliza kama ungependa kulitumia.