Sweta la merino la Uniqlo: rangi zilizokolea za majira ya baridi kwenye ngozi nyeusi

Mtu anayehamia London kutoka Dar es Salaam au Mombasa mwezi Septemba mara nyingi humaliza manunuzi yake ya baridi kwa rangi moja: koti jeusi, sweta jeusi, skafu nyeusi. Hoja yake inaeleweka. Nyeusi haionyeshi uchafu na haigombani na nguo nyingine. Tatizo ni mwanga. Mwishoni mwa Desemba jua la London huchomoza kama saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni, na muda mwingi wa katikati limefunikwa na mawingu. Mwanga ukiwa hafifu kiasi hicho, nguo nyeusi iliyogusa shingo hainururishi uso hata kidogo, na ngozi yenyewe imeshakaushwa na upepo wa nje na hita za ndani. Ndiyo maana aliyekuwa ananawiri nyumbani anaonekana amefubaa, ilhali ni mzima wa afya.

Dawa si kukimbilia rangi za kiangazi. Rangi zilizokolea, yaani damu ya mzee, kijani cha msituni, zambarau ya bilinganya, nevi bluu na hudhurungi, huipendeza ngozi nyeusi na ya maji ya kunde kuliko ngozi nyingine yoyote, mradi kitambaa kiwe na rangi iliyoingia ndani na shingoni pawe na kitu cha kutenganisha nguo na uso. Sweta la Uniqlo, kampuni ya nguo ya Kijapani, linaloitwa Extra Fine Merino linatimiza sharti la kwanza vizuri sana kwa bei yake. La pili ni kazi ya mvaaji.

Tuanze na kitambaa. Ni sufu tupu ya kondoo wa merino, na kampuni inataja unene wa unyweleo kuwa mikroni 19.5 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Sufu huwasha pale inapokuwa na nyuzi nyingi zinazozidi mikroni 30, kwa sababu ncha zake ngumu hazipindi zinapogusa ngozi, ilhali nyuzi hizi nyembamba hupinda. Kwa hiyo linavalika juu ya fulana nyembamba, hata shingoni, bila mtu kujikuna. Ni jembamba. Asitarajie mtu kulivaa peke yake kwenye baridi ya nyuzi joto 2. Limekusudiwa kukaa ndani ya koti, na wembamba huo una faida: haliongezi mwili, na kola ya shati au mtandio hukaa juu yake bila kufura.

Sufu ni protini, na rangi zinazotumika kuitia hushikamana nayo ndani ya unyweleo wenyewe zinapochemshwa nayo kiwandani. Ndiyo maana damu ya mzee ya sufu ina kina ambacho pamba haikipati. Sweta la pamba la rangi hiyohiyo, baada ya kufuliwa mara kadhaa, hutoa vinyweleo vilivyokatika kwa msuguano, navyo vikitawanya mwanga unaona kama vumbi jeupe limekaa juu ya nguo. Watu husema limechuja, kumbe pengine rangi nyingi bado imo na ni uso wa kitambaa ulioharibika. Akriliki, yaani sufu bandia ya viwandani, nayo hukolea vizuri dukani, lakini ina mng'ao unaoifanya rangi ya thamani ionekane rahisi chini ya taa. Sufu haing'ai. Ngozi iliyopakwa mafuta inang'aa, nguo haing'ai, na tofauti hiyo ndiyo inayoutoa uso mbele.

Rangi zinazouzwa hubadilika mwaka hadi mwaka, ila Uniqlo huweka namba kwenye kibandiko, kwa mfano: 09 ni nyeusi, 69 ni nevi bluu, 19 ni damu ya mzee. Kijani kilichokolea na hudhurungi huja na kuondoka. Andika namba uliyoipenda. Ukitaka skafu au kadigani ya kampuni hiyohiyo msimu uleule, ni njia ya uhakika zaidi kuliko kulinganisha picha za mtandaoni.

Kama ni la kwanza kununua, chukua namba 19. Damu ya mzee hurudisha wekundu kidogo kwenye kidevu na mashavu, na ngozi ya maji ya kunde yenye wekundu wa shaba huonekana imepata damu. Kwa mweusi sana ambaye weusi wake unaelekea kwenye bluu, bado inakaa vizuri, lakini yeye hasa ndiye mwenye bahati na kijani cha msituni na zambarau, rangi ambazo kwa wengi huleta kivuli usoni. Mwenye ngozi nyepesi inayoelekea umanjano aiangalie hudhurungi kwa makini. Ikikaribiana mno na rangi ya ngozi yake, shingo na sweta vinakuwa kitu kimoja, na mtu anaonekana kama hakuvaa. Nevi bluu haimwangushi mtu yeyote. Haina maajabu, lakini ni salama kwa ofisi na kwa usaili wa kazi. Nyeusi ije mwisho, ukiwa tayari una skafu za kuisaidia.

Namna ya kujaribu dukani: toa koti na skafu, vaa sweta, kisha ondoka kwenye kioo cha chumba cha kujaribia na usogee karibu na mlango au dirisha. Taa za dukani hudanganya. Taa ya manjano hukoleza wekundu na kuiua bluu; mwanga wa mawingu hufanya kinyume. Nevi bluu na nyeusi ndizo zinazochanganywa zaidi, na watu wengi hugundua nje kwamba suruali na sweta havilingani. Ukiwa hapo dirishani, usiangalie sweta. Angalia chini ya macho na pembeni mwa mdomo. Rangi isiyokufaa hukoleza weusi wa sehemu hizo. Inayokufaa huufanya usionekane haraka. Ukivaa miwani, ivue. Ukijipamba, fanya jaribio hili siku ambayo hujajipamba.

Kuna jambo la jioni pia ambalo wauzaji hawalisemi. Mwanga unapopungua, macho ya binadamu hupoteza wekundu kwanza, na bluu na kijani hubaki zikionekana. Hali hii ina jina la mwanasayansi wa Kicheki, Jan Purkyně, aliyeieleza karne ya 19. Maana yake kwa mvaaji: damu ya mzee iliyopendeza saa 6 mchana, barabarani saa 11 jioni mwezi Desemba ni nyeusi tu. Kama mtakutana nje na mwanga umekwisha, kijani hufanya kazi zaidi. Ukiingia mkahawani kwenye taa za manjano, damu ya mzee hufufuka, na hapo haina mpinzani.

Sasa shingo. Lipo la shingo ya duara, la shingo ya V na la shingo ndefu inayokunjwa. La duara ndilo zuri zaidi kwa rangi hizi, kwa sababu linaacha nafasi ya kola. Kola ya shati jeupe au la rangi ya maziwa yenye upana wa sentimita 2 tu juu ya sweta hutosha kuurudishia uso mwanga, kwa kanuni ileile ya wapiga picha wanaoshika ubao mweupe chini ya kidevu. Asiyependa kola atumie mkufu wa dhahabu au shaba, au skafu ya haradali. Kwa anayevaa mtandio, usinunue mtandio wa rangi ileile na sweta. Shuka au panda angalau hatua mbili za ukolevu. Zambarau ya bilinganya na mtandio wa waridi iliyofifia, kijani cha msituni na mtandio wa rangi ya mchanga. Shingo ndefu ya rangi nyeusi ni ngumu kwa mtu mweusi mwenye shingo fupi: inakata kichwa kutoka mwilini. Ya damu ya mzee haina tatizo hilo sana.

Wanaofanya kazi kwa mikutano ya video wazingatie kwamba kamera hurekebisha mwanga kwa kuangalia picha nzima. Shati jeupe tupu huilazimisha kamera kupunguza mwanga, na uso mweusi unazama. Sweta jeusi kwenye chumba chenye giza huifanya kamera iongeze mwanga kupita kiasi, na ngozi inatoka ya kijivu yenye chengachenga. Rangi iliyokolea kiasi, kama kijani au damu ya mzee, huacha kamera katikati, na uso hutoka na rangi yake. Taa iwe mbele yako, si nyuma.

Kitenge kilicholetwa kutoka nyumbani hakina haja ya kusubiri Juni. Sketi ya kitenge juu ya taitsi nzito za denia 80 (kipimo cha uzito wa uzi kinachoandikwa kwenye pakiti), na sweta hili juu, ni vazi kamili la Novemba. Kosa la kawaida ni kuchagua sweta kwa rangi kubwa ya kitenge, mfano sweta jekundu kwa kitenge chekundu; vyekundu viwili vya viwanda tofauti havikubaliani kamwe, na cha kitenge kitashinda. Chagua rangi inayochukua sehemu ndogo zaidi ya mchoro, au rangi ya mistari inayozunguka maua, ambayo kwenye vitenge vingi vya nta ni nevi bluu au nyeusi. Hapo namba 69 inalipa gharama yake. Sweta liishie kiunoni au liingizwe ndani ya sketi. Likifika nyonga linaukata mchoro vibaya.

Kuhusu koti, rangi ya ngamia inazibeba rangi zote tulizozitaja. Kijivu cha mkaa kinaifaa damu ya mzee na zambarau. Koti jeusi ambalo tayari unalo halihitaji kutupwa: liache wazi vifungo viwili vya juu ili rangi ya sweta ifike usoni. Jioni ongeza mkanda unaoakisi taa mkononi au kwenye begi. Kanuni za barabarani za Uingereza zenyewe zinamshauri mtembea kwa miguu avae kitu kinachoonekana, na dereva hamwoni mtu aliyevaa nevi bluu kwenye mvua.

Kasoro za sweta lenyewe zipo. Ya kwanza ni vijidonge vya nyuzi. Nyuzi laini na fupi husokotana panapokuwa na msuguano: kwapani, ubavuni, na pale mkanda wa begi unapopita. Kwenye rangi zilizokolea vijidonge hivyo hunasa pamba nyeupe na ngozi kavu, na nguo inaonekana kuukuu ndani ya msimu mmoja. Vitoe kwa chanuo la sweta au kimashine chake, sweta likiwa limelazwa mezani, kavu, bila kukandamiza. Usivute kwa vidole, maana unavuta nyuzi zaidi nje. Ya pili ni saizi: kubwa kabisa na ndogo kabisa mara nyingi hupatikana mtandaoni tu, na mwenye mikono mirefu apime mkono kabla ya kuagiza. Ya tatu ni alama nyeupe za kiondoa harufu, ambazo namba 09 na 69 huzionyesha bila huruma. Kiache kikauke dakika kadhaa kabla ya kuvaa, au vaa fulana ndani. Mafuta ya shea nayo yapake mapema. Yakiingia kwenye ukingo wa shingo huacha utando unaokusanya vumbi.

Kufua ndiko kunakoamua kama rangi itadumu. Kampuni inaliuza kama sweta linalofulika kwa mashine, lakini soma kibandiko cha lako, liweke kwenye mfuko wa neti, ligeuze ndani nje, na utumie mzunguko wa sufu usiozidi nyuzi joto 30. Kabla ya kulichanganya na nguo nyingine mara ya kwanza, lowesha kitambaa cheupe cha pamba na usugue mshono wa ndani mara kumi. Kikitoka na rangi, lifue peke yake. Sabuni iwe ya sufu, isiyo na vimeng'enya. Vimeng'enya vya kula madoa ya protini huila sufu pia, kwa kuwa nayo ni protini. Klorini ni marufuku kabisa. Usikamue kwa kusokota. Lizungushe ndani ya taulo, lifinye, kisha lilaze bapa mbali na hita. Ukilitundika likiwa na maji, mabega hushuka na mikono hurefuka. Na si lazima kulifua kila likivaliwa. Sufu ikianikwa kwenye hewa usiku mmoja huachia harufu nyingi.

Machi likiwekwa kabatini, liwe safi. Viwavi wa nondo wa nguo hula sufu, na huanzia penye jasho na matone ya chakula. Ukiona tundu dogo la mviringo, funga sweta kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, uliweke kwenye friza ya nyuzi -18 kwa wiki mbili. Likitoka, acha mfuko umefungwa hadi sweta lipate joto la chumba, ndipo ufungue. Ukifungua mapema unyevu wa hewa utatua kwenye sufu. Kisha lipige brashi nje ya nyumba, hasa kwenye mishono, na usafishe kabati kwa mashine ya kufyonza vumbi kabla ya kulirudisha.