Seti ya Arduino Uno: miezi mitatu mezani kwa fundi wa redio

Nimekaa na hii seti ya kujifunzia elektroniki na programu miezi mitatu sasa kwa hiyo naona naweza kuisemea. Mimi ni fundi, nimezoea redio na amplifaya za zamani, vitu ambavyo ukifungua unaona kila kitu kwa macho, transista hii hapa, kapasita ile pale imevimba, unatoa unaweka nyingine unapiga lehemu basi. Siku hizi unafungua kifaa unakuta chipu moja nyeusi katikati, ukipima umeme unafika vizuri tu lakini kitu hakifanyi kazi, maana shida iko kwenye programu au kwenye sensa inayoipa chipu taarifa za uongo. Kazi zikaanza kunipita. Nikaangalia video nyingi sana na nilikuwa nazielewa kabisa, ila nikishika kifaa chenyewe sijui hata nianzie wapi. Ndo nikanunua hii.

Ndani kuna bodi ya Uno (bodi ndogo yenye chipu unayoiandikia programu mwenyewe kwenye kompyuta), brebodi (kibao cha matundu cha kuunganishia vifaa bila lehemu), waya, resista, taa za LED, vitufe, sensa ya mwanga, servo ndogo (mota inayogeuka mpaka pembe unayoiambia) na kebo ya USB. Chipu yake ni ATmega328P, inaenda 16 MHz, nafasi ya programu 32 KB na RAM, yaani kumbukumbu ya muda, 2 KB tu. Ni kidogo mno ukilinganisha na simu yoyote lakini kwa kujifunza huo ndo uzuri wake, hakuna mahali shida inaweza kujificha. Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, walengwa wakiwa wanafunzi wa usanifu ambao hawakusomea elektroniki, na ukiitumia unaona kweli mtu alifikiria anayeanza.

Kuwasha LED ni dakika kumi, hapo sina la kusema.

Kitufe ndo kilinifundisha. Niliunganisha kama nilivyozoea swichi, upande mmoja kwenye umeme wa 5V mwingine kwenye pini (tundu la bodi ambalo chipu inalisoma), nikaandika programu, taa ikawa inawaka yenyewe bila kuguswa. Nikasema kitufe kibovu, nikabadilisha, ileile. Nikabadilisha waya, ileile. Jioni ya pili nikagundua nikisogeza mkono karibu na waya taa inachezacheza, yaani hata sijaugusa! Kumbe kitufe kikiachiwa ile pini inabaki haijashikwa na upande wowote, si 5V wala graundi (upande wa sifuri wa umeme), inaelea, inaokota umeme wowote uliopo hewani na chipu inausoma kama umebonyeza. Dawa yake ni resista ya kilo-ohm 10 kwenda graundi, au unageuza kitufe kiende graundi na kwenye programu unaandika INPUT_PULLUP, chipu inaishika pini kwenye 5V kwa resista yake ya ndani. Hili nilishalisikia kwenye video, nikaitikia kwa kichwa nikapita. Jioni mbili za kuhangaika nalo ndo zimeliweka kwenye vidole.

Na halikuchukua muda kunifaa kazini. Wiki chache baadaye nikaletewa king'ora cha mlango kinacholia chenyewe usiku, mwenyewe alishaambiwa chipu imekufa anunue kipya. Zamani na mimi ningesema hivyohivyo. Safari hii nikapeleka mkono karibu na waya wa sensa, kikalia. Nikafuata njia ile mpaka kwenye resista moja ndogo sana, lehemu imepasuka upande mmoja, waya ukawa unaelea kama ile pini yangu. Nikapiga upya, kimenyamaza mpaka leo. Nilifurahi jamani, sijafurahi hivyo kazini kwa miaka.

Mabaya yapo. Kitabu chake kinakupa programu zilizokamilika unakopi tu, inafanya kazi na hujajifunza kitu, kwa hiyo mimi nakushauri ukishakopi badilisha namba, chomoa waya mmoja, uone nini kinaharibika na kwa nini. Waya ni nyembamba, zinalegea kwenye brebodi na unaweza kulaumu programu yako bure. Halafu kitabu hakisemi kwa sauti ya kutosha kwamba mota usiichomeke moja kwa moja kwenye pini, pini moja ni ya kama miliampia 20 tu, mota inataka zaidi ya hapo sana, weka transista katikati. Servo nayo ikibeba mzigo ipe umeme wake pembeni (graundi ziunganishwe), la sivyo bodi inajizima na kujiwasha.

Nyota nne kati ya tano. Mita ya kupimia umeme haimo ndani, itafute kabla hujaanza. Mimi sasa hivi niko kwenye sensa ya mwanga, inanipa namba kati ya 0 na 1023 na zinarukaruka hata taa ya chumba ikiwa imetulia, bado naitafuta sababu.