Kabla ya Kununua Tena Simu ya Chapa Ileile, Ulizia Mwaka Iliotoka

Wengi wanaoniuliza kuhusu simu wameshaamua kubaki na chapa yao. Wanachotaka ni kuambiwa wachukue toleo lipi. Siwalaumu. Aliyetumia iPhone kwa miaka mingi ana picha na nywila zake kwenye iCloud (hifadhi ya mtandaoni ya Apple, kampuni inayotengeneza iPhone), na nakala ya mazungumzo yake ya WhatsApp huhifadhiwa humohumo, ilhali ya mwenye Android hukaa Google Drive, kwa hiyo kuhama chapa ni sawa na kuhama nyumba. Hata hivyo, malalamiko yanayonifikia zaidi hutoka kwa wale waliobaki: wamenunua simu mpya ya chapa wanayoipenda, na muda si mrefu programu ya benki inawakatalia kwa sababu mfumo wa simu umepitwa na wakati.

Kwa hiyo sitazungumzia kamera wala ukubwa wa kioo, mambo ambayo kila boksi linayatangaza. Ninachotazama kwanza ni muda wa masasisho ya usalama, yaani marekebisho ya mfumo yanayoziba mianya ya wezi wa mtandaoni, na hasa siku ambayo muda huo huanza kuhesabiwa. Kwa kawaida watengenezaji huuhesabu tangu toleo lilipoingia sokoni, si tangu siku uliyolipa wewe. Simu iliyotoka miaka 3 iliyopita kwa ahadi ya miaka 4 imebakiwa na mwaka 1 tu, hata kama boksi lake halijawahi kufunguliwa.

Nafasi ya kwanza naipa Samsung, na sifichi kwamba ndiyo chapa ninayoipendelea. Simu za Galaxy S24, zilizotoka Januari 2024, ziliahidiwa miaka 7 ya masasisho, hatua ambayo Google ilitangulia kuichukua kwa simu yake ya Pixel 8 mwezi Oktoba 2023. Lakini Samsung haikuwaachia matajiri peke yao neema hiyo: Galaxy A16, ambayo ni simu ya mtu wa kipato cha kawaida, iliahidiwa miaka 6. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu ya haki ya mtu kuwa mwaminifu kwa chapa.

iPhone ni ya pili. Apple haina desturi ya kuwanadia wateja idadi ya miaka, ila historia yake inaaminika: iPhone 6s ya mwaka 2015 ilifikia iOS 15, mfumo wa iPhone wa mwaka 2021, na iPhone 5s ya mwaka 2013 ilipata sasisho la usalama hata Januari 2023. Pixel naiweka ya tatu kwa sababu Google haiiuzi rasmi katika nchi nyingi, na kioo kikivunjika huko, kupata kipuri halisi ni shida. Simu za bei ya chini kabisa nyingi haziahidi zaidi ya miaka 2 au 3. Ukilazimika, chagua iliyotoka mwaka huuhuu.

Linaloniudhi ni wauzaji. Ukiwauliza toleo lilitoka mwaka gani, wanakuonyesha karatasi ya plastiki ambayo haijabanduliwa, kana kwamba hilo ndilo jibu, na bei wanayotaja haipungui hata kidogo kwa miaka iliyokwisha kupotea. Wala haiwezi kusemwa kwamba hakuna njia nyingine ya kuhesabu: tangu tarehe 20 Juni 2025, kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka masasisho ya mfumo yaendelee kupatikana kwa angalau miaka 5 tangu mtengenezaji alipoacha kuliingiza toleo sokoni. Hata anayenunua simu ya mwisho ya toleo hilo analindwa.

Mahali pasipo na kanuni kama hiyo, jilinde mwenyewe. Kabla ya kulipia simu ya Android, iwashe, fungua Mipangilio, ingia Kuhusu Simu, kisha utafute tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa umepita zaidi ya mwaka tangu tarehe hiyo, iunganishe simu na intaneti palepale dukani uone kama kuna sasisho jipya. Lisipokuwapo, mrudishie muuzaji simu yake.