Tiriko ya sufu ya chaguwa: miezi minane juu ya ziwa

Tiriko hii, yaani sweta, niliinunua Kadutu, hapa Bukavu, kwenye chaguwa, nguo za mitumba, kwa dola 6. Rangi ya majani makavu, shingo ndefu, kiwiko kimoja kimeshonwa. Kabla ya kulipa nilimwomba mama muuzaji ruhusa nichomoe uzi mmoja kwenye pindo, nikauwasha kwa kiberiti. Ukanuka kama nywele zinazoungua, ukabaki majivu ya kusagika kwa vidole. Ni sufu kweli. Uzi wa plastiki ungeyeyuka na kuganda kama shanga.

Mimi ni mvuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu. Tunatoka Bukavu jua likizama, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, tunarudi alfajiri. Anayesema Kivu hakuna baridi hajakaa juu ya maji saa nane ya usiku, nguo zimelowa, upepo unashuka kutoka milimani.

Wengi wanachagua tiriko kwa unene wake tu, na hapo ndipo wanapokosea. Nguo haina joto lake. Joto ni la mwili, unaojitahidi kubaki karibu na nyuzi 37. Tukipiga kasia misuli inalitengeneza. Tukikaa kungoja sambaza zije kwenye taa, linatuponyoka. Kazi ya nguo ni kushika hewa iliyotulia karibu na ngozi. Nyuzi za sufu zimejikunja, hewa inakaa katikati yake, na hata zikilowa hazilali zote. Pamba ikilowa inanata mwilini, na maji yananyonya joto kuliko hewa, mara 25 hivi.

Usiku mmoja wimbi lilitumwagia maji sote. Ndugu yetu mmoja alivaa jaketi nene ya pamba. Akaanza kutetemeka sana, yaani misuli inatafuta joto kwa nguvu. Kisha vidole vikakataa kufungua fundo la wavu, kwa sababu mwili ulikuwa umebana damu ya mikono ili moyo na ubongo visipoe. Mwenzetu akamnyoshea chupa ya kanyanga, nikaizuia. Pombe inafungua mishipa ya ngozi: unahisi joto, kumbe ndiyo linatoka. Tulimvua ile jaketi, tukamfunika blanketi kavu, tukampa chai ya termosi yenye sukari nyingi. Mimi nililowa kama yeye, lakini kifua changu chini ya sufu hakikupoa.

Kasoro zipo. Inawasha shingoni, kwa hiyo ndani navaa shati jepesi. Upepo unapenya matundu yake. Juu lazima koti la mvua. Ikilowa ni nzito, na kukauka ni siku mbili. Maji ya moto usiyaguse wakati wa kufua, itasinyaa.

Jumamosi nilirudi kumtafutia kijana wetu, ameanza kutoka nasi mwezi huu. Ya kipimo chake haikuwepo. Mama aliniambia balo nyingine inafunguliwa Jumanne, nije mapema na kiberiti changu.