Safari ya skuli Chumbe: tano juu ya tano

Jamani wiki ilopita nimefuatana na darasa la mwanangu kwenda Chumbe, kile kisiwa cha hifadhi hapa Zanzibar, na tangu nirudi sijanyamaza, basi naandika na hapa wazazi na walimu mupate kujua.

Kwanza usalama, watoto wote laifujaketi mwilini kabla ya kupanda boti, hilo moyo wangu lilinituliza. Alotupokea mlinzi mmoja, mvuvi wa zamani, anatokea vijiji hivi hivi vya pwani, na hawa walinzi wa pale hawashiki silaha, mvuvi akiingia kwenye mwamba wanamfata wanazungumza nae, mwenzetu samaki wanazaa hapa, waache wakue watakuja huko uliko wewe. Mvuvi atamsikiliza nani kama si mvuvi mwenzake?

Halafu majini. Mwanangu kazaliwa Unguja, samaki pono anamla tangu ana meno, hajawahi kumuona hai hata siku moja! Kaibuka na miwani yake anapiga kelele, mama, pono anatafuna mawe, na kweli, tukafahamishwa kwamba anakwangua mwani juu ya matumbawe na kinachomtoka ndo mchanga mweupe huu tunaoukanyaga, mimi mtu mzima nilikuwa sijui. Wasichana wengi ilikuwa mara yao ya kwanza kuweka uso ndani ya bahari, wameingia na nguo zao za stara, mwalimu wao wa kike kawashika mikono, wallahi machozi yalinilenga.

Sasa la hela, maana hapa ndo penye jambo. Chumbe ni hifadhi tangu 1994, wanaendesha watu binafsi lakini si biashara ya faida, vibanda saba tu vya wageni, maji ya mvua, umeme wa jua, na pesa ya mgeni anaelala ndo inayolipa walinzi na masomo ya watoto wetu. Lakini kijijini kwetu ulikuja mradi wa mikoko, mfadhili simtaji, tukapewa fulana na kofia, miche tumeipanda siku moja mahali pa mchanga panapopigwa na wimbi ijapokuwa wazee walisema hapa haishiki, pesa zikesha hakuna alorudi hata kutizama, leo limebaki bango. Mfadhili anaetaka kutusaidia alipe boti na mafuta ya skuli za shamba miaka kumi mfululizo, maana skuli nyingi hazina hata nauli ya kufika mjini, na wageni nao si wa kutegemea peke yao, 2020 tuliona walivyokatika Zanzibar nzima.

Mkenda vaeni viatu vilofunga, njia ya msituni mawe yake makali, chukueni kanga ya kubadilishia, na mnara wa taa wa pale, wa 1904, mupande mapema kabla jua halijakuwa kali.