Sleji ya mtoto mdogo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka miwili na nusu tulipomnunulia sleji yake ya kwanza, yaani chombo cha kutelezea kwenye theluji, na tulikosea. Tuliichagua kwa kuuwaza mteremko tu: itashuka vipi, itakimbia kiasi gani. Hatukujua kwamba mtoto wa umri ule hushuka kilima mara nne au tano, akatosheka, kisha siku nzima iliyobaki anataka kuvutwa. Avutwe kwenda kilimani, avutwe kurudi, avutwe kuzunguka nyumba huku akiokota vijiti. Sleji ile haikuwa na egemeo la mgongo, na kila nilipopiga hatua ya kwanza alianguka chali thelujini.

Sasa yeye ana miaka saba, mdogo wake mitatu, na karibu kila aina ya sleji imeshapita mikononi mwetu. Nimezipanga hapa kwa familia yenye watoto wa miaka miwili hadi minane hivi, kwa maswali matatu: inasimama ukitaka isimame? Inakwenda unakoielekeza? Inavutika bila kumwaga mtoto? Kasi sikuihesabu. Sleji yoyote ina kasi ya kumtosha mtoto wa miaka mitatu.

Ya kwanza: sleji ya plastiki yenye breki

Ina umbo la beseni refu, kiti kilichobonyea chenye egemeo, na mikono miwili ya breki kando ya magoti. Ukivuta mkono wa kulia, meno ya chuma yanachimba theluji upande huo na sleji inakata kulia. Ukivuta yote miwili, inasimama. Mtoto wa miaka mitano hulishika jambo hili asubuhi moja, hasa ukimwanzisha kwenye mwinuko mdogo usiozidi urefu wa mtu mzima.

Kabla ya kulipa, fanya mambo mawili. Kwanza, mkalishe mtoto ndani akiwa amevaa glavu zake nene, si mikono mitupu, umwambie avute breki. Akilazimika kuinama mbele ndipo afikie, sleji hiyo ni kubwa kwake. Pili, igeuze uangalie chini. Mara nyingi utakuta pembetatu ndogo ya mishale yenye namba katikati. Namba 2 ni polithini nzito, ambayo hubaki nyumbufu hata kwenye baridi kali. Namba 5 ni polipropilini, na ile ya kawaida huanza kukakamaa joto likikaribia nyuzi sifuri, ikigonga jiwe hupasuka na kuacha kingo kali kama kisu. Mimi namba 2 naichukua hata kama rangi yake haipendezi.

Breki zisizo na chuma, plastiki tupu, ziache. Zinafanya kazi kwenye theluji laini, lakini mteremko ukishakanyagwa na watu wengi na kugeuka barafu, zinateleza tu.

Ya pili: sleji ya mbao

Hii ndiyo nimekaribia kuiweka juu. Sleji ya mbao yenye vyuma viwili chini, ya aina iliyopata jina lake kutoka mji wa Davos huko Uswisi, hutengenezwa tangu karne ya 19 na umbo lake halijabadilika sana. Ikitunzwa, mtoto wako ataipanda na mwanawe ataipanda. Ukiifungia egemeo la mbao lenye mkanda, hakuna kinachomvuta mtoto mdogo vizuri kuliko hii: anakaa juu, miguu yake haigusi theluji, anaona njia yote.

Kilichoishusha ni mambo mawili. Haina breki, unaisimamisha na kuikatisha kona kwa visigino, na miguu ya mtoto wa miaka minne haina nguvu hiyo. Kwa hiyo kwenye mteremko mzazi anakaa nyuma. La pili ni theluji yenyewe. Vyuma vile ni vyembamba, uzito wote umekaa juu yake, na kwenye theluji mpya iliyolala usiku vinazama kama kisu kwenye siagi. Ni chombo cha njia iliyoshindiliwa. Kama mnakokwenda likizo theluji hukanyagwa kila siku, ipandishe iwe ya kwanza.

Ya tatu: mtumbwi wa plastiki

Mrefu, bapa chini, umekunjwa puani, nafasi ya mtu mzima na mtoto mbele yake. Kwenye theluji mpya hauna mpinzani, kwa sababu unaielea badala ya kuikata. Watu wa asili wa Kanada walivuta mizigo kwa vyombo vya namna hii tangu zamani, kwa sababu hiyohiyo. Breki ni miguu yako, na uelekeo ni kidogo sana. Ni mzuri kwa mtoto wa miaka miwili aliyekaa katikati ya magoti ya mzazi, kwenye mteremko mpole wenye uwanja mpana chini.

Ya nne: ubao wa sponji

Mwepesi, mtoto anaubeba mwenyewe, na haumuumizi akigongwa nao. Usukani hauna, breki hauna, na watoto hupenda kuulalia kifudifudi kichwa kikiwa mbele, jambo ambalo nyumbani kwetu tumelikataza kabisa. Baada ya msimu mmoja huanza kupasuka katikati.

Ya tano: tyubu ya kupuliza

Watoto wanaipenda kuliko zote, najua. Inabonyea vizuri kwenye matuta, lakini inazunguka, na katikati ya mteremko unaweza kujikuta umegeuzia bonde mgongo huoni unakokwenda. Mahali palipotengenezwa njia zenye kingo za theluji na mtu wa kusimamia, ipande kwa raha. Kilima cha wazi chenye miti au uzio, hapana.

Ukiwa nayo, usiijaze hadi ngumu ndani ya nyumba. Hewa hujikunja kwenye baridi: kutoka nyuzi 20 za sebuleni hadi 10 chini ya sifuri, inapungua karibu sehemu moja ya kumi. Tyubu italegea na utashawishika kuiongeza hewa. Ukiongeza, ukairudisha kwenye joto, mishono ndiyo itakayolipa.

Ya mwisho: sahani

Duara la plastiki lenye vishikio viwili. Haina mbele wala nyuma, haisimami, haivutiki. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kinashauri wazi watu watumie sleji zinazoongozeka badala ya sahani na tyubu, na watoto washuke wamekaa, miguu ikitangulia. Hii iache dukani.

Kabla hujamaliza kununua

Fedha ikibaki, helmeti kwanza. Ya kutelezea thelujini, yenye alama ya EN 1077 kwa zile za Ulaya, hufunika masikio na kutunza joto. Usimvalishe kofia nene ya sufi chini yake, maana helmeti itakaa juujuu na kuyumba. Vaa ya kitambaa chembamba.

Skafu ndefu sizitumii tena. Siku moja ncha ya skafu ya mdogo wetu iliingia chini ya sleji ikiwa ndiyo kwanza inaanza kwenda, nikaiona shingo yake ikivutwa. Nilikuwa nimeshika kamba, nikasimama papo hapo, lakini mikono ilinitetemeka hadi jioni. Tangu siku ile ni pete ya shingo ya sufi, inayovaliwa kichwani kama fulana, haina ncha ya kunasa popote.

Glavu chagua zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja. Vinapashana joto, na ni rahisi kumvalisha mtoto anayelia. Beba jozi ya pili mfukoni, kwa sababu ya kwanza italowa kabla ya saa moja kwisha.

Kamba pia iangalie. Nyingi zinazokuja na sleji ni fupi, na sleji inakugonga visigino kila hatua. Mita moja na nusu inatosha mtu mzima wa kawaida, yenye fundo la kushikia. Wakati wa kushuka ikusanye iweke ndani, isiburute.

Mkirudi jioni, futa vyuma vya sleji ya mbao vikauke kabisa, kisha visugue kwa kipande cha mshumaa. Kesho yake asubuhi vitakuwa havina kutu, na mtoto atahisi tofauti kwenye mteremko wa kwanza.