Mkurugenzi wa Maendeleo na Katibu Tawala wa Mkoa

Mtumishi wa serikali wa ngazi ya juu kabisa mkoani Mbeya au Iringa leo ni Katibu Tawala wa Mkoa, lakini wastaafu wengi wa Nyanda za Juu Kusini bado wanakumbuka cheo kingine, Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa.

Cheo hicho kilitokana na mfumo wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972, ambao, licha ya jina lake, uliziondoa halmashauri zilizochaguliwa na kuiweka mipango na fedha za maendeleo mikononi mwa watumishi wa serikali kuu. Jalada la zahanati ya kijiji wilayani Rungwe lilipaswa kupanda hadi mezani kwa Mkurugenzi. Halmashauri zilirejea miaka ya 1980.

Katibu Tawala anatokana na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997. Yeye ndiye mshauri mkuu wa Mkuu wa Mkoa na anaongoza sekretarieti inayozisaidia halmashauri, ilhali zahanati ile ile sasa huanzia kwenye bajeti ya halmashauri yenyewe. Kwa maoni yangu, Mkurugenzi alikuwa na nguvu zaidi, ila mwananchi hakuwa na diwani wa kumwuliza.